Kapu Kichwani: Kanivali, Utumwa na Picha ya Debret

Utangulizi

Tangu kitabu cha Mikhail Bakhtin kuhusu Rabelais kilipochapishwa mjini Moscow mwaka 1965, na kutokea kwa Kiingereza mwaka 1968, dhana ya kanivali imekuwa chombo cha kawaida katika uhakiki wa fasihi. Wahakiki wameitumia kusomea riwaya, tamthilia, hata masimulizi ya sokoni. Kila panapotokea kicheko, matusi, barakoa au ulevi katika kazi ya fasihi, dhana hii huitwa ije kutoa ushahidi kwamba wanyonge wameupindua ulimwengu, japo kwa muda. Aghalabu ushahidi huo hupokelewa pasipo shahidi mwenyewe kuhojiwa.

Makala hii inamhoji shahidi huyo kwa njia ya picha moja. Ni picha ya mtaani ya kanivali ya Rio de Janeiro, iliyochorwa na Mfaransa Jean-Baptiste Debret na kuchapwa Paris mwaka 1835. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba picha hiyo inaonyesha kitu kimoja ambacho nadharia ya kanivali haina mahali pa kukiweka, nacho ni mzigo usiotuliwa. Nadharia yenyewe ilipata sehemu ya nguvu zake kutokana na kitabu kingine chenye picha, kilichoeleza kanivali ya Roma. Kwa hiyo ni haki kuuliza ingekuwa na sura gani lau ingalianzia Rio.

Vitabu Viwili vya Picha

Katika Ulaya ya karne ya 18 na ya 19, picha za kanivali zilikuwa bidhaa iliyopendwa na wasafiri na wasomaji wenye uwezo. Mchoraji alilipaka bamba la shaba nta, akachora juu yake kwa sindano hadi shaba ikaonekana, kisha bamba likatiwa asidi iliyoila mistari iliyoachwa wazi. Wino ulipakwa ukaingia katika mistari hiyo, na karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mtambo. Rangi haikutoka mtamboni. Iliwekwa baadaye kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine, na mara nyingi kwa mikono ya vibarua ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ndiyo maana ni vigumu kupata nakala mbili za picha ya aina hii zinazolingana kabisa. Buluu ya joho moja hukolea, ya jingine hufifia.

Kitabu cha Goethe kuhusu kanivali ya Roma kilikuwa cha namna hiyo. Goethe aliishi katika barabara ya Corso, akaiona kanivali mara mbili, mwaka 1787 na mwaka 1788. Mwaka 1789 kitabu chake kilichapwa Berlin bila ya jina la mwandishi, kikiwa na picha 20 zilizotiwa rangi kwa mkono. Johann Georg Schütz ndiye aliyechora, na Georg Melchior Kraus wa Weimar ndiye aliyeshughulikia mabamba. Picha zinaonyesha watu katika barakoa na mavazi ya sikukuu. Umati wenyewe umo katika maandishi: barabara nyembamba iliyosongamana magari na watu, farasi wasio na wapandaji wakikimbizwa kila jioni, na usiku wa mwisho ambapo kila mtu hubeba mshumaa na kujaribu kuuzima wa mwenziwe huku akimtakia kifo kwa mzaha, hata mtoto kwa baba yake.

Goethe alieleza kwamba sikukuu hii watu hawapewi na mtawala, hujipa wenyewe. Bakhtin alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili, akalichambua simulizi la Roma kwa kirefu katika kitabu chake juu ya Rabelais. Mshumaa unaozimwa na kuwashwa tena ukawa kwake ishara ya kifo kinachozaa uhai. Hata hivyo, Goethe mwenyewe aliyafunga maelezo yake kwa tahadhari, akisema kwamba uhuru na usawa wa aina hiyo huonjwa katika kilevi cha wazimu tu. Kitabu kilitoka miezi michache kabla ya Bastille kuvamiwa tarehe 14 Julai 1789. Tahadhari hiyo haikupata wafuasi wengi miongoni mwa wahakiki wa baadaye. Furaha ndiyo iliyorithiwa.

Kitabu cha pili kilitoka miaka 46 baadaye. Debret, aliyezaliwa Paris mwaka 1768, alikuwa jamaa na mwanafunzi wa mchoraji mashuhuri Jacques-Louis David. Mwaka 1816 alifika Rio pamoja na kundi la wasanii wa Kifaransa lililoongozwa na Joachim Lebreton. Wakati huo Rio ilikuwa makao ya mfalme wa Ureno, aliyekuwa amekimbia majeshi ya Napoleon. Debret aliihudumia kasri, akachora sherehe za kifalme, akafundisha katika chuo cha sanaa, na akaondoka mwaka 1831. Aliporudi Paris alichapisha juzuu tatu za picha na maelezo kuhusu Brazili, mwaka 1834, 1835 na 1839.

Picha zake zilichapwa kwa jiwe badala ya shaba. Mchoro hufanywa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, jiwe likaloweshwa maji, na wino wa mafuta ukashika pale tu palipochorwa. Rangi, kwa nakala zilizopata rangi, iliwekwa kwa brashi kama ilivyokuwa kwa picha za Roma. Picha ya kanivali imo katika juzuu ya pili, ambayo inahusu kazi na maisha ya kila siku ya mji. Juzuu hiyo hiyo ina picha za soko la watumwa na za watumwa wakipigwa mijeledi. Msomaji anayefungua kurasa zake hafiki kwenye sikukuu bila ya kupitia jirani na mjeledi.

Entrudo ya Rio

Kanivali ya Rio katika zama za Debret iliitwa entrudo, mchezo ulioletwa na Wareno. Ilichezwa siku tatu za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu na mfungo wa Kwaresima. Debret anasema wazi kwamba hapakuwa na dansi za barakoa wala maandamano kama ya Ulaya. Silaha kuu ya mchezo ilikuwa maji. Familia zilifinyanga nta katika umbo la ndimu, zikaijaza maji yenye manukato, zikatupiana ndimu hizo madirishani, sebuleni na barabarani. Wengine walitumia mabomba ya bati kurusha maji, na wengine walipakana wanga wa muhogo usoni.

Mchezo ulikuwa wa wote, lakini haukuchezwa na wote pamoja. Waungwana walirushiana ndimu za manukato wao kwa wao. Watumwa walichezeana barabarani kwa maji ya kawaida na wanga. Bwana aliweza kumlowesha mtumwa wake. Mtumwa kumlowesha bwana kulikuwa jambo la hatari. Hata katika kurushiana maji, basi, ngazi ya jamii ilibaki imesimama, na maji yalitiririka kwa wepesi upande wa chini tu.

Ukubwa wa jambo hili huonekana katika hesabu ya watu. Mwaka 1821 mji wa Rio ulikuwa na wakazi 79,000 hivi, na kati yao 36,000 hivi walikuwa watumwa. Walibeba maji kutoka visimani, walibeba uchafu kwenda baharini, walibeba kahawa, samani na mabwana wenyewe katika machela. Mji ulitembea juu ya vichwa na mabega yao. Debret anaanza maelezo yake ya kanivali na watu hao hao: alfajiri ya Jumapili, furaha ya kwanza kusikika ni ya Weusi waliokwisha kutawanyika barabarani. Wametoka mapema hivyo kwa sababu kuna maji na chakula cha kupeleka nyumbani kwa mabwana.

Mtumwa ni Aliyetumwa

Picha yenyewe imewekwa kando ya duka la vyakula. Katikati yupo mwanamke Mweusi mwenye kapu kichwani. Kapu limejaa vyakula alivyonunua ili avirudishe kwa mabwana zake. Kijana wa kiume anampaka wanga usoni. Mtoto, akiwa na haraka ya kulimaliza bomba lake la bati, anamrushia maji. Mlangoni pa duka ameketi mwanamke mwingine aliyemzidi umri, muuza ndimu za nta na wanga, sinia ya mbao magotini, na yeye pia amekwisha kupakwa.

Debret anaeleza kwamba mwanamke wa katikati amejitolea kwa jambo moja tu, nalo ni kulisawazisha kapu. Anaisimulia ajali hiyo kwa mzaha, kama msiba mdogo wa kanivali. Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, neno la kumtaja mwanamke huyu linakataa mzaha. Anaitwa mtumwa, yaani aliyetumwa. Lugha imelihifadhi ndani ya neno lile lile jambo ambalo picha inalionyesha. Kabla ya kuwa mali ya mtu, na kabla ya kuwa na bei sokoni, yeye ni mtu aliye njiani kwa amri ya mwingine, na safari yake haijaisha hadi arudi.

Hapa ndipo dhana ya kanivali inapokwama. Bakhtin anasisitiza kwamba wakati wa kanivali cheo, hadhi na amri husimamishwa, na watu huingia katika maisha ya pili nje ya maisha ya kawaida. Mwanamke wa Debret hana maisha ya pili. Maji na wanga vimemkuta angali katika ya kwanza. Hawezi kukimbia, kwa sababu kapu litaanguka. Hawezi kuinama aokote ndimu ya kujibu shambulio. Akijikinga uso, mzigo unapoteza mizani. Vyakula vikimwagika, anayedaiwa ni yeye, wala hapana bwana atakayeukubali udhuru kwamba ilikuwa siku ya kucheka.

Wanaomchezea si maadui. Kijana na mtoto ni watu wa barabara ile ile. Wao wamepata dakika moja ambayo hawakutumwa, au wameiiba, na wanaitumia dakika hiyo juu ya mtu ambaye bado ametumwa. Tofauti kati yao na mwanamke ni ndogo sana kwa kipimo cha sheria na kubwa sana kwa kipimo cha saa ile. Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kijana anayepaka wanga anauona mzigo huo kuwa mwepesi. Debret naye, anayeuchora kwa kalamu laini, anauona hivyo hivyo. Mhakiki anayesoma picha hii kama ushindi wa kicheko anajiunga nao.

Muuza ndimu anastahili kuangaliwa kwa makini vilevile. Katika Rio, watumwa wengi walitumwa kufanya biashara mitaani na kumletea bwana kiasi maalumu cha fedha kila siku au kila juma, mfumo ambao pwani ya Afrika Mashariki iliufahamu kwa jina la ijara. Kwa watu wa aina hiyo, siku za entrudo zilikuwa siku za mauzo. Kicheko cha mji kilipita katika sinia zao kwanza. Pichani, basi, kanivali ina mtengenezaji na mchuuzi wake, na mchuuzi huyo ameketi kazini huku uso wake umekwisha kupakwa bidhaa anayoiuza.

Watu wa Mashariki katika Mitaa ya Rio

Barabara anayoichora Debret haikuwa mbali na Afrika Mashariki kama ramani inavyodai. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Uingereza ilipozidi kubana biashara ya watumwa kaskazini ya ikweta, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1815 na Ureno, wafanyabiashara wa Rio waliongeza safari za kwenda Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane na Inhambane. Safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa ndefu kuliko ile ya kutoka Angola, na vifo njiani vilikuwa vingi zaidi. Waliofika walipewa jina la jumla la Msumbiji, hata kama walitoka bara mbali na pwani hiyo.

Mchoraji mwingine wa wakati huo, Mjerumani Johann Moritz Rugendas, aliyekuwa Brazili kati ya mwaka 1822 na 1825, alichapisha picha za vichwa vya watumwa zikiwa na majina ya mahali walikosemekana kutoka. Chini ya mojawapo ya picha hizo kuna majina manne, na moja ni Quiloa. Hivyo ndivyo Wareno walivyoandika Kilwa. Mji unaotajwa na kumbukumbu za pwani kwa misikiti yake, sarafu zake na masultani wake unaonekana huko Rio kama maandishi madogo chini ya uso wa mtu asiye na jina.

Jambo hili lina maana kwa usomaji wa picha ya kanivali. Mwanamke mwenye kapu naye hana jina, na jamii ya Rio ilikuwa na mazoea ya kuyabadilisha majina ya watu kuwa lebo za bandari. Entrudo ilikuwa sikukuu ya Wareno, iliyofungamana na kalenda ya Kanisa. Watu waliotoka Kilwa au Quelimane, wenye ngoma na miiko yao, waliingizwa katika sikukuu hiyo kama walivyoingizwa katika mji, yaani bila ya kuulizwa. Hata hivyo waliifanyia kazi sikukuu hiyo hadi ikaanza kubeba sura yao.

Weupe wa Karatasi

Katika picha iliyochapwa kwa jiwe, mtambo hutoa weusi peke yake. Weupe hautokani na wino. Ni karatasi iliyoachwa bila ya kuguswa. Kwa hiyo, katika nakala isiyotiwa rangi, ngozi ya watu wa barabarani ni wino wa mchapaji, na wanga wanaopakana ni karatasi ya kitabu inayochungulia. Anayetia rangi kwa brashi hukuta hali hiyo tayari. Anaweza kuongeza wekundu wa kitambaa au manjano ya matunda, lakini wanga ukibaki mweupe, ni kwa sababu brashi yake imepita kando.

Ufundi huu unaeleza zaidi ya ufundi. Wanga mweupe juu ya uso Mweusi unaweza kusomwa kama dhihaka kwa mabwana weupe, na wahakiki wa kanivali wangependa kuusoma hivyo. Lakini wanga huo ni chakula pia, unga wa muhogo, zao ambalo watumwa wenyewe walililima, walilisaga na kulila. Mtu anayempaka mwenziwe wanga anampaka jasho la wote wawili. Picha moja inazibeba maana zote mbili. Kosa la usomaji wa kikanivali ni kuichukua ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa kuwa ya kwanza ni ya kufurahisha zaidi.

Wazee wa Kizungu chini ya Roshani

Itakuwa dhuluma kuishia hapo, kana kwamba watu hao hawakuwa na akili ya kuucheka ulimwengu uliowabana. Debret mwenyewe anatoa ushahidi wa upande wa pili. Anasimulia kwamba aliyaona makundi ya Weusi waliovaa barakoa na mavazi ya wazee wa Kizungu. Waliiga kwa ustadi mkubwa namna wazee hao wanavyotembea na kuinama, wakiwasalimu kulia na kushoto watu waliokaa roshani, huku wakisindikizwa na wanamuziki waliojigeuza kwa mavazi vilevile.

Tukio hili ni tamthilia kamili. Lina wahusika, maleba, muziki, hadhira na dhamira. Mtumwa anamwiga bwana mbele ya bwana, kwa heshima iliyozidi kiasi, na heshima hiyo iliyozidi ndiyo dhihaka yenyewe. Bwana aliye roshani akikasirika, atakuwa amekiri kwamba amejitambua. Akicheka, atakuwa amejicheka. Kwa muda wa salamu moja, mwenye kuamuru ndiye asiye na la kufanya.

Ila roshani imebaki juu. Bakhtin anasema kanivali haina jukwaa wala watazamaji, kwa kuwa wote huiishi. Katika Rio kulikuwa na watazamaji, na mahali pao palijengwa kwa mbao na mawe katika kila nyumba kubwa. Dhihaka ya waigaji haikuifuta mipaka hiyo, iliitumia. Nguvu yake ilitokana na ukweli kwamba kila mtu alijua nani yuko juu na nani yuko chini. Kwa sababu hiyo, badala ya kuiita hali hiyo kupinduka kwa ulimwengu, ni afadhali kuiita ujuzi wa ulimwengu. Ni ujuzi wa watu waliowatazama mabwana zao kwa karibu, miaka nenda miaka rudi, hadi wakaweza kuwatembea.

Nadharia Mizanini

Ni vyema kumtendea Bakhtin haki. Yeye aliandika kuhusu Ulaya ya zama za kati na ya mwamko, na aliandika katika Urusi ya Stalin, baada ya kuhukumiwa uhamishoni Kazakhstan. Mtu aliyeishi chini ya hofu ya namna hiyo alikuwa na sababu ya kukithamini kicheko kisichoombewa kibali. Tatizo limeletwa zaidi na wahakiki walioichukua dhana hiyo na kuipeleka kila mahali bila ya kuulizia masharti yake.

Wako waliokwisha kuuliza. Mwanaanthropolojia wa Brazili, Roberto DaMatta, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliichunguza kanivali ya nchi yake kama kioo cha jamii yenye matabaka magumu, ambamo mpinduko wa siku chache hauwezi kueleweka ukitengwa na mpangilio wa siku nyingine zote. Mwaka 1992 Achille Mbembe, katika makala yake maarufu kuhusu Afrika ya baada ya ukoloni, alimhoji Bakhtin kwa namna nyingine. Alionyesha kwamba kicheko, ulafi na uchafu havikuwa mali ya wanyonge peke yao. Watawala nao huvitumia, na watu hushiriki katika sherehe za dola kwa namna inayochanganya dhihaka na utiifu.

Picha ya Debret inaongeza hoja ya tatu, iliyo rahisi kuliko hizo mbili. Kabla ya kuuliza kama kicheko kimepindua kitu, mhakiki hana budi kuuliza nani ametumwa kazini saa ile. Swali hilo ni la kihistoria, na ni la kifasihi pia. Katika riwaya yenye karamu, nani anapika? Katika tamthilia yenye ulevi, nani atafagia jukwaa la maisha hayo kesho yake? Mhusika anayebeba sinia katikati ya sherehe huwa mara nyingi hana jina wala usemi. Uhakiki wa kikanivali humpita kama vile brashi inavyoupita weupe wa karatasi.

Sheria Moja, Adhabu Mbili

Waliojua vyema kwamba entrudo haikuwasawazisha watu ni watunga sheria. Katika miaka ya 1830 sheria za manispaa ziliupiga marufuku mchezo huo, na zikapanga adhabu kwa hali ya mkosaji. Aliye huru alitozwa faini, au alifungwa siku chache akishindwa kulipa. Mtumwa alifungwa jela, au bwana wake aliweza kuamuru achapwe mijeledi. Maji yalikuwa yale yale. Mgongo uliolipia maji hayo ndio uliotofautiana.

Tabaka la juu likatafuta kanivali nyingine. Katika miaka ya 1840 dansi za barakoa zilianza kupata umaarufu mjini, na mwaka 1855 chama cha waungwana, ambacho mwandishi wa riwaya José de Alencar alikuwa mmoja wa watu wake, kilitembeza barabarani maandamano ya mavazi ya fahari kwa mtindo wa Ulaya. Waliofanya hivyo waliona wanaleta ustaarabu badala ya matope. Biashara ya kuingiza watumwa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1850, lakini utumwa wenyewe uliendelea hadi tarehe 13 Mei 1888. Kwa miaka mingi, basi, kanivali ya kistaarabu na kapu la kichwani vilipita katika barabara moja.

Juzuu ya pili ya Debret nayo ilikataliwa. Taasisi ya Historia na Jiografia ya Brazili, iliyoundwa mwaka 1838, iliipima kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1840, ikaona kwamba juzuu yenye picha za watumwa haikuwa na faida kubwa kwa nchi. Tafsiri ya Kireno ilisubiri hadi mwaka 1940, takriban miaka mia moja. Taifa lililokuwa likijitengenezea sura halikutaka kuiona sura hiyo ikiwa imebebwa kichwani na mtu mwingine.

Lakini watu wa barabarani hawakuondoka barabarani. Kutoka katika makundi na ngoma zao kukazaliwa samba ya mjini, na mwaka 1928 wakazi wa mtaa wa Estácio wakaunda Deixa Falar, inayokumbukwa kama shule ya kwanza ya samba. Mashindano ya shule hizo yalianza mwaka 1932. Mwaka 2018, miaka 130 baada ya utumwa kufutwa, shule ya Paraíso do Tuiuti iliandamana kwa mada iliyouliza kama kweli utumwa umekwisha, ikapata nafasi ya pili. Safari hii walioandamana ndio waliouliza, na waliokaa juu majukwaani ndio waliolazimika kujibu.

Hitimisho

Picha ya Debret ni ndogo, na mchoraji wake hakuikusudia iwe hoja. Alitaka kumwonyesha msomaji wa Paris desturi ya kigeni yenye kuchekesha. Ila mkono wake ulikuwa mwaminifu kuliko mzaha wake, ukaliacha kapu pale lilipokuwa. Kitabu cha Goethe kiliwapa wahakiki mshumaa unaozimwa na kuwashwa tena, na kutokana nao wakapata nadharia ya matumaini. Kitabu cha Debret kinawapa kapu lililojaa vyakula vya watu wengine, juu ya kichwa cha mtu asiyeweza kuinama. Nadharia ya kanivali haina haja ya kutupwa kwa sababu ya kapu hilo. Ina haja ya kulipokea na kulipima uzito wake. Mshumaa na kapu vikiwekwa katika mizani moja, uhakiki utaweza kukiri kwamba watu wale walicheka kweli, na kwamba mmoja wao, wakati wengine wakicheka, alikuwa bado ana safari ya kumaliza.